Soko Huria Lilianza na Haki ya Maskini

Wengi wetu tunaoishi ughaibuni tukisikia habari za soko huria, tunawaza makampuni makubwa na matajiri wasioshiba. Adam Smith, Mskoti anayeitwa baba wa fikra za soko huria, alikuwa na mawazo mengine.

Smith alikuwa profesa wa falsafa ya maadili katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Kitabu chake cha kwanza, The Theory of Moral Sentiments cha mwaka 1759, kilichunguza kwa nini binadamu huguswa na maumivu ya mwenzake, na jinsi dhamiri inavyompima kama shahidi asiyempendelea yeyote. The Wealth of Nations, kitabu cha uchumi, kilitoka mwaka 1776. Baadaye alirudi kukipanua kile cha maadili, na toleo lake la mwisho likatoka 1790, mwaka aliofariki.

Nguzo ya fikra zake ni haki. Kwa Smith, hisani huipamba jamii, lakini haki ikiondoka jamii yenyewe huanguka. Kila mtu na atafute riziki kwa njia aitakayo, mradi asimdhulumu mwenzake.

Ndiyo maana aliutetea uhuru wa mfanyakazi. Nguvu za mikono ya maskini ni mali yake, na kumzuia asizitumie apendavyo ni kumpora. Uingereza wakati ule ilikuwa na sheria ya makazi ya mwaka 1662, iliyowezesha maskini aliyehamia parokia nyingine kurudishwa alikotoka. Smith aliilaani: kumfukuza mtu asiye na kosa mahali alipochagua kuishi ni dhuluma. Sisi tuliovuka mipaka kutafuta kazi tunaielewa hoja hiyo vizuri.

Wakubwa wa biashara hakuwaamini. Aliandika kwamba wakikutana huishia kula njama ya kupandisha bei, na kwamba waajiri huafikiana chinichini kubana mishahara, ilhali sheria iliwakataza wafanyakazi kuungana. Aliushambulia ukiritimba wa kampuni ya biashara ya East India Company, na alitaka serikali isaidie kusomesha watoto wa maskini. Jamii ambayo watu wake wengi ni mafukara, alisema, haiwezi kuitwa yenye neema.

Kwa hiyo anayelitaja jina la Smith ili kuhalalisha unyonyaji anamsingizia. Tusimkubalie.