Wakina Lumumba: jina moja, lakini si jamaa moja

Video za mwanasheria wa Kenya, P.L.O. Lumumba, zinazunguka sana katika simu za watu wetu. Anasema kwa nguvu juu ya rushwa na juu ya Afrika, na hapo hapo mtu anauliza: «Kumbe huyu ni mtoto ya Patrice?» Hapana, siye. Lakini swali hilo ni zuri, kwani linatufundisha kitu juu ya majina yetu, na pia juu ya makaratasi ya watoto wetu.

Tuanze na Patrice mwenyewe. Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 katika kijiji cha Onalua, Katako-Kombe, kule Sankuru, kwa jirani zetu wa upande wa magharibi. Baba yake aliitwa François Tolenga. Angalia vizuri: baba ni Tolenga, mwana ni Lumumba. Kabla ya kufika Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, kijana huyo alipita huku Maniema na kufanya kazi kwa kampuni ya migodi pale Kalima. Stanleyville alikuwa karani wa posta, halafu akaingia siasa. Mwaka 1960 akawa waziri mkuu wa kwanza wa nchi yetu. Tarehe 17 Januari 1961 akauawa Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito.

Tangu hapo jina la Lumumba limepita njia tatu.

Njia ya damu

Hawa ndio watoto wake kabisa. François mwaka 2011 alipeleka mashtaka kwenye mahakama ya Ubelgiji juu ya kifo cha baba yake. Guy-Patrice, ambaye alizaliwa baba akiwa ameshakufa, aligombea urais mwaka 2006. Juliana, aliyewahi kuwa waziri wa utamaduni, mwaka 2020 alimwandikia mfalme wa Ubelgiji barua, akiomba mabaki ya baba yake yarudishwe. Mabaki yenyewe ilikuwa jino tu, ambalo polisi mmoja Mbelgiji alilichukua wakati walipoharibu mwili. Jamaa ilipewa jino hilo Brussels tarehe 20 Juni 2022. Likapitishwa Sankuru, Kisangani na Katanga, na mwishoni likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni.

Njia ya heshima

Hapa hakuna damu. P.L.O. Lumumba, kwa kirefu Patrick Loch Otieno Lumumba, alizaliwa Kenya mwaka 1962, Patrice akiwa ameshakufa. Aliongoza tume ya kupambana na rushwa ya Kenya toka 2010 mpaka 2011. Hatoki katika jamaa ya Onalua. Tena kuna mwanadiplomasia wa Sudan, Lumumba Di-Aping, ambaye kwake Lumumba ni jina la mbele. Huyo ndiye aliyesemea nchi maskini katika mkutano mkubwa wa tabianchi wa Copenhagen mwaka 2009.

Na juzi juzi, kwenye CAN ya Morocco, tuliona mshabiki wa Leopards, Michel Kuka Mboladinga, akisimama mechi nzima bila kutikisika, mkono mmoja juu, sawa vile sanamu ya Patrice. Watu wanamwita Lumumba Vea. Jina la kadi yake ni lingine kabisa.

Njia ya kuchagua

Huko Marekani, mwaka 1947, alizaliwa mtoto aliyeitwa Edwin Finley Taliaferro. Alipokuwa mkubwa alitupa jina hilo, akajiita Chokwe Lumumba: Chokwe kwa ajili ya kabila la Wachokwe wa Kongo na Angola, Lumumba kwa ajili ya Patrice. Akawa mwanasheria, na mwaka 2013 akachaguliwa meya wa mji wa Jackson, Mississippi. Alikufa mwaka 2014. Mwana wake, Chokwe Antar Lumumba, naye akawa meya wa mji ule ule mwaka 2017. Yaani jina ambalo baba alilichagua, mwana amelirithi.

Na sisi hapa Kailo?

Kwetu mtoto anaweza kupewa jina la nkambo, la mjomba, la rafiki ya baba ao la hali aliyozaliwa nayo. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya wazungu, na yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré. Watu wengi wakaandika jina la nkambo fasi ya Joseph ao Marie. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987, iliyotengenezwa upya mwaka 2016, haimlazimishi mtoto abebe jina la baba. Ndiyo maana watoto watatu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matatu, na wakina Ramazani wawili wanaokaa kwenye banki moja masomoni pengine hawana undugu wowote.

Kijijini hiyo si shida, kwani kila mtu anajua nani ni mtoto wa nani. Shida inaanza mbali na kijiji: siku ya kugawa uriti, ya kutafuta pasipoti, ao ya kumfuata mzazi aliye nchi ingine. Afisa anaona baba Salumu na mtoto Kasongo, anauliza: «Mnapatana wapi?» Jina haliwezi kumjibu. Kinachojibu ni cheti cha kuzaliwa, kwani juu yake kuna jina la mtoto, la baba na la mama.

Mzazi ana siku 90 tangu mtoto kuzaliwa kwa kumwandikisha kwenye ofisi ya serikali, na ndani ya siku hizo kumwandikisha ni bure. Siku 90 zikipita, inabidi kupitia mahakama, na hapo ni safari na feza. Basi mama, baba, mkifika ofisini, someni herufi moja moja kabla ya kutia sahihi. Ramazani na Ramadhani, mdomoni ni mtu mmoja. Kwenye karatasi ni watu wawili.