Pikipiki ya umeme ya mkono wa pili: betri ni ya nani?

Anayenunua pikipiki ya petroli ya mkono wa pili, kama Boxer, ana mtihani wake. Anapiga kiki injini ikiwa baridi, anatega sikio, anazunguka nyuma kutazama rangi ya moshi, kisha anafungua kifuniko cha oili. Akibaki na shaka anamwita makanika wa stegi, ambaye kwa pesa ya chai atamwambia kama ringi zimekwisha. Na zikiwa zimekwisha, vipuri viko Kirinyaga Road, Nairobi, vya bei ya juu na ya chini. Maarifa hayo yamejengeka tangu pikipiki zilipoanza kufurika barabarani.

Pikipiki ya umeme imeufuta mtihani huo wote. Haina moshi wala ringi, na ukiiwasha inanyamaza. Kitu chenye thamani kuliko vyote kimefungiwa ndani ya sanduku lenye uzito wa kilo 20 hivi, na kwa macho betri iliyochoka inafanana na iliyotoka kiwandani jana. Asiyejua pa kuangalia anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Biashara yenyewe bado ni changa. Ampersand, iliyoanzia Kigali, iliingia Nairobi mwaka 2022. Roam ilifungua kiwanda chake jijini Nairobi mwaka 2023, na Septemba mwaka huo Rais William Ruto akazindua pikipiki za Spiro mjini Mombasa. Sheria ya Fedha ya 2023 ikaziondolea pikipiki za umeme ushuru wa bidhaa na kuziweka kwenye VAT ya asilimia sifuri. Kwa hiyo zile za kwanza kuingia kazini kwa wingi ndizo sasa zinaanza kubadilisha mikono, na soko halijakubaliana bei. Muuzaji anakumbuka alicholipa, mnunuzi anakisia, na hakuna aliyeuza za kutosha kuwapatanisha.

Kabla ya bei, liko swali moja la kumuuliza muuzaji: betri ni ya nani?

Pikipiki nyingi za umeme zinazobeba abiria ziko chini ya mpango wa kubadilisha betri. Mwendeshaji ananunua pikipiki tupu. Betri ni mali ya kampuni. Chaji ikiisha anaingia kituoni, anaacha iliyoisha, anachukua iliyojaa na kuondoka kwa dakika chache. Kampuni nyingine hutoza kila anapobadilisha, nyingine hutoza kwa kiasi cha umeme alichotumia. Kwa mnunuzi wa mkono wa pili, mpango huu una heri moja kubwa: uchakavu wa betri si mzigo wake. Lakini una mtego wake. Pikipiki hiyo imeandikwa kwenye mtambo wa kampuni kwa jina la mtu mwingine. Kama kampuni haikukubali kuihamishia kwako, au kama mwenye nayo ana deni, hupewi betri, na betri ya kampuni nyingine haiingii, kwa kuwa kila kampuni ina sanduku lake na plagi yake. Umebaki na chuma chenye magurudumu mawili. Vilevile hesabu vituo kwenye njia zako mwenyewe. Kampuni yenye vituo tele katikati ya jiji haimsaidii mkazi wa Ruai, pembezoni mwa jiji, ambaye kila jioni lazima arudi nyumbani.

Aina ya pili ni ile inayouzwa pamoja na betri yake, mwenyewe akichaji nyumbani au dukani. Hapa ndipo hesabu inapouma. Tuchukue bodaboda wa kilomita 120 kwa siku. Tukikadiria petroli kuwa shilingi 180 kwa lita, na lita moja kwa kilomita 40 hadi 45, anachoma karibu shilingi 500. Kwa umeme atatumia uniti tano hadi sita. Hata kwa shilingi 30 kwa uniti hafikishi 200. Tofauti hiyo ya shilingi 300 ndiyo inayomvuta kila mtu. Lakini kama chaji moja inampeleka kilomita 75, kwa siku anaichosha betri mara moja na nusu na zaidi. Kwa siku 300 za kazi, hizo ni takriban duru 480 za chaji kwa mwaka.

Sasa inategemea kilichomo sandukuni. Betri za lithiamu zenye madini ya chuma na fosfati, zinazoandikwa LFP, huvumilia duru 2,000 na kuendelea kabla ya kupungua sana. Zile za nikeli, manganizi na kobalti, zinazoandikwa NMC, ni nyepesi zaidi, lakini nyingi huanza kulegea zikikaribia duru 1,000. Kwa hiyo pikipiki mbili za umri wa miaka miwili, zilizofanya kazi ileile, moja iko ujanani na nyingine imestaafu. Mara nyingi herufi hizo ziko kwenye kibandiko cha betri. Kama kimebanduliwa, hiyo ni sababu ya kushusha bei au kuondoka.

Kanuni rahisi ni hii: chukua bei ya pikipiki mpya, toa bei ya betri mpya, kilichobaki ndicho kikomo cha kulipia ile kuukuu yenye betri iliyochoka, na bado hujatoa uchakavu wa matairi, breki na fremu. Tuseme mpya ni 200,000 na betri peke yake ni 80,000. Pikipiki ya 150,000 yenye betri iliyochoka inaonekana nafuu ya shilingi 50,000. Mwaka ujao utanunua betri, na utakuwa umelipa 230,000 kwa pikipiki ya zamani isiyo na waranti.

Betri yenyewe unaipima barabarani. Ijazwe hadi mia mbele yako, mpakie mtu wa uzito wa kawaida, kisha uende kilomita 20 zenye mlima. Kwa Nairobi, kupanda kutoka Westlands kuelekea Uthiru kunatosha. Betri nzima ya kilomita 75 itakuwa imekula kama asilimia 27. Ikiwa imekula 40, iliyobaki ni betri ya kilomita 50. Ukiwa mlimani, itazame mistari ya chaji kwenye dashibodi. Kama inaporomoka ukizungusha mshikio na kupanda tena ukiuachia, huenda ndani kuna seli zilizodhoofika ambazo nyingine zinazibeba.

Kisha inama. Kwenye mota kunatoka nyaya tatu nene, mara nyingi za manjano, kijani na buluu. Fuata hadi zinapoungana na kontrola. Plastiki ya kiungio ikiwa imeyeyuka au kugeuka rangi, huenda pikipiki hii imebebeshwa mizigo isiyo yake. Inua gurudumu la mota ulizungushe kwa mkono. Ukisikia mkwaruzo, huenda maji yameingia kwenye beringi, pengine kutoka mpira wa kuoshea magari wenye presha kali. Malizia na maungio ya keria ya nyuma, ambapo chuma hupasuka kwanza.

Mpya nayo si malaika. Watu wengi hawainunui taslimu, wanalipa kila siku kwa M-Pesa. Arubuni ya 25,000 na shilingi 400 kwa siku 540 ni 241,000 kwa pikipiki ya 200,000. Hiyo 41,000 ndiyo bei ya kuanza kazi leo, na mkopeshaji mwingine huizima pikipiki kwa mtandao ukichelewa. Lakini pikipiki ya mkopo huo huja na waranti, na ya mkono wa pili kwa kawaida hudai pesa taslimu, kutoka kwenye chama au sako. Anayekopa kwa riba ili anunue betri ya mtu mwingine iliyochoka amejitwisha mizigo miwili.

Basi nani anunue ipi? Wa stegi, anayetembea kilomita 100 na zaidi, kilomita 50 za betri zitamlaza njaa. Achukue mpya, au ya kubadilisha betri iliyotumika ambayo kampuni imeiidhinisha. Lakini mwalimu wa kilomita 12 hadi shuleni, au mama anayesambaza mayai madukani asubuhi na kuchaji mchana, betri hiyohiyo ya kilomita 50 itamfaa kwa miaka. Kilichomfilisi wa kwanza ni akiba kwa wa pili, mradi bei iseme ukweli.

Na pesa isitoke mfukoni kwenye kiti cha mkahawa. Pitia rekodi ya umiliki ya mamlaka ya usafiri, NTSA, kupitia tovuti ya eCitizen uone kama logibuku ina jina la mkopeshaji. Kama ni pikipiki ya kubadilisha betri, nenda na muuzaji hadi kituoni, mhamishe akaunti, uchukue betri ya kwanza kwa jina lako. Ikishaingia na taa kuwaka, hapo ndipo umtumie pesa yake.