Je, Kikundi Kinunue Mashua?



Tangu mafuriko ya mwaka 2024 swali hili limeletwa mara nyingi katika mikutano ya Rongai na Kitengela. Tarehe 1 Mei mwaka huo watu wa Kitengela walivushwa kwa mashua katikati ya makazi yao. Ndiyo maana wengine wanasema, tuchange tununue yetu. Kabla ya kuchanga, hebu tuwatazame watu ambao kusafiri mtoni ni mambo ya kila siku.

Hao ni Wapokomo wa Mto Tana. Mtumbwi wao huchongwa kutoka gogo moja, mrefu na mwembamba. Wembamba huo una kazi: unapita penye maji machache na katikati ya matete, tena mtu mmoja anaumudu. Penye kina kifupi anasimama na kusukuma kwa pondo, yaani mti mrefu unaofika chini. Penye kina kirefu anatumia kafi. Akipanda mto anafuata kando, upande wa ndani wa kona, maana hapo maji hayana nguvu. Akiteremka anaacha mkondo umbebe. Abiria wanaketi chini kabisa, mizigo inakaa katikati, na hakuna kuinuka ovyo, kwa sababu chombo chembamba hupinduka upesi. Haya mtu hafundishwi kwa semina ya siku mbili. Anayajua tangu utoto, pamoja na mahali viboko wanapolala.

Zamani, karne ya 19, ulichimbwa mfereji mwembamba wa Belezoni ili mitumbwi itoke Tana iingie Mto Ozi. Basi mto wenyewe ukaufuata mfereji, ukaupanua, na leo maji ya Tana yanaingia baharini Kipini. Maji hayaombi ruhusa.

Na hata huko kwa wenye mto, mafuriko ni kitu kingine. Tarehe 28 Aprili 2024, barabara ya Garissa ikiwa imefunikwa na maji, watu walipanda mashua ili wavuke pale Kona Punda karibu na Madogo. Ilipinduka. Watu 23 waliokolewa, wengine wakafa maji.

Sasa turudi kwetu. Mto Mbagathi, huu unaotutenga na mbuga ya Nairobi, ni wa mawe. Wakati wa kiangazi mtoto anauvuka kwa miguu. Mvua ikinyesha sana yanakuja maji ya matope yenye magogo na mabati. Huko mbele unaingia Athi, na Athi una maporomoko karibu na Ol Donyo Sabuk kabla haujaitwa Galana, halafu Sabaki. Kwa hivyo mashua yetu ingelala miezi mingi bila kazi, halafu siku ya hatari apewe nani aiendeshe? Kijana ambaye hajawahi kushika kafi?

Mimi nasema tusinunue. Pesa hizo zitoshe kamba nene na tochi. Wekeni nguzo yenye alama kando ya mto, na mtu wa upande wa juu apige simu maji yakifika alama. Andikeni majina ya wazee, wagonjwa na akina mama wajawazito, na nyumba ya mwinuko atakakopelekwa kila mmoja, mchana kabla maji hayajafika mlangoni. Namba ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Orodha hiyo ikamilike kabla ya mvua za Machi, na nakala moja ibaki kwa katibu.