Moto Uliogandishwa: Utangulizi wa Elimu ya Friza ya Nyumbani

Vitabu vya kuhifadhi chakula kwa baridi aghalabu huanza na nyama. Kwa kaya ya Themi, hapa Arusha, huo ni mwanzo mbaya. Bucha lipo mtaani, ng'ombe kachinjwa alfajiri, na nusu kilo utakatiwa hata saa moja ya usiku ukitoka kazini. Mboga nazo hazisumbui: aliye karibu na soko la Kilombero, au anayepitiwa mlangoni na mama mwenye beseni kichwani, hapungukiwi mnafu. Anayetaka kuielewa friza ya Arusha aanze na sufuria ya maharage.

Sababu iko kwenye mwinuko. Jiji la Arusha limekaa mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100. Ukipanda kuelekea vijiji vya Mlima Meru, nyuzi zinazidi kushuka. Kwa chai hutaona tofauti. Kwa maharage utaiona sana, maana punje huiva kwa joto la maji yanayoizunguka, na ukichochea moto hadi sufuria itoe povu maji hayatazidi joto lake. Yatakauka tu upesi. Ongeza hapo maharage yaliyokaa stoo muda mrefu kwenye joto na unyevu, yale sugu ambayo yanachemka tangu adhuhuri na jioni bado yanagonga jino. Kituo cha utafiti cha Selian, hapa hapa Arusha, kimeshughulikia mbegu za maharage kwa miongo mingi. Lyamungu 90, Selian 94 na Jesca ni majina ambayo wakulima wa kaskazini wanayafahamu. Muda wa kuiva ni miongoni mwa sifa ambazo wazalishaji wa mbegu huzitazama, kwa sababu mpishi naye huitazama.

Sasa tupige hesabu ya jikoni. Kuchemsha nusu kilo ya maharage na kuchemsha kilo mbili hakutofautiani sana kwa mkaa, kwa sababu kwa saa zote hizo sehemu kubwa ya joto hupotelea kwenye kuta za sufuria na hewani. Ukichemsha mara moja ukagawa mafungu manne, mara tatu zinazofuata huwashi moto wa kuivisha. Unawasha wa kupasha na kuunga. Kilichoingia kwenye friza kinaitwa maharage, lakini ukikithamini utakuta ni mkaa, ni gesi, na ni saa za mtu aliyekaa karibu na jiko akiongeza maji. Hoja ya utangulizi huu ni hiyo: friza ya nyumbani kwetu ni ghala la moto na la muda. Serikali imezindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Ukiwasikiliza watu wakiuzungumzia, ni mitungi na majiko tu. Mimi ningeongeza friza kwenye mazungumzo hayo, kwa sababu gesi inayodumu kuliko zote ni ile ambayo hukuiwasha.

Ni elimu gani basi tunayoikaribisha? Ni mchanganyiko wa biolojia ya vijidudu, fizikia ya maji na uchumi wa nyumbani, na mgeni anaweza kuingilia popote. Jambo la kwanza la kushika ni kwamba baridi haiui. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, kipimo kinachokubalika duniani kwa friza, bakteria husimama; ukiwarudisha kwenye joto wanaendelea pale walipoishia. Chakula kilichoingia kimechacha kitatoka kimechacha. Ndiyo maana saa zinazotangulia friza zina uzito kuliko miezi ndani yake. Chukua mfano wa wali. Ndani ya mchele huwa kuna mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu hizo hustahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa sufuriani na uvuguvugu wake tangu mchana hadi usiku, mbegu zinaamka, na sumu wanayoiacha bakteria hao haiondoki kwa kupasha moto. Mimi ni mpenzi wa kiporo na sitaki mtu anione msaliti wa kiporo na chai ya rangi. Ninachosema ni kwamba wali utandazwe kwenye sinia upoe upesi, kisha ufunikwe na kuwekwa kwenye baridi. Shirika la Afya Duniani, katika Funguo Tano za Chakula Salama za mwaka 2001, linataka chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Sufuria kubwa ya maharage huwezi kuitandaza, lakini unaweza kuikalisha kwenye beseni la maji baridi na kukoroga mara kwa mara; maji ya Arusha mwezi Julai yatakusaidia bila malipo.

Jambo la pili ni maji yaliyo ndani ya chakula chenyewe. Yakiganda polepole hujenga vipande vikubwa vya barafu vyenye ncha, ambavyo hutoboa kuta za seli. Yakiganda upesi, vipande huwa vidogo na chakula kikiyeyuka hubaki na umbo lake. Mmarekani Clarence Birdseye aliliona hilo huko Labrador, katika Kanada ya leo, alikoishi kati ya 1912 na 1915: samaki wa Wainuiti, waliogandishwa papo hapo kwenye upepo na barafu, walikuwa watamu kama wa siku hiyo hata baada ya miezi. Mwaka 1930 vyakula vyake vilivyogandishwa viliingia madukani Springfield, Massachusetts. Sifa zikamwendea yeye, ingawa mabingwa walikuwa Wainuiti. Friza ya nyumbani haina upepo wa Labrador, ila ina dawa yake: wembamba. Mwaka 1913 mhandisi Rudolf Plank aliandika hesabu ya muda wa kuganda, na hadi leo wanafunzi wa fani hii huanzia kwake. Kwa mpishi hesabu hiyo inatafsirika hivi: fungu likipunguzwa unene kwa nusu, muda wa kuganda hupungua kwa zaidi ya nusu. Usigandishe maharage kwenye ndoo. Yamimine kwenye mfuko safi wa chakula, toa hewa, funga, ulaze mfuko bapa kama chapati. Utaganda usiku huo huo, na kesho kutwa utayeyuka wakati unakatakata kitunguu.

Nisieleweke kwamba uhifadhi umekuja na waya wa umeme. Wamaasai na ndugu zao Waarusha walikuwa wakikaanga nyama na kuizamisha kwenye mafuta yake, wakaiita olpurda, ikawangoja. Vibuyu vya maziwa vilisuguliwa kwa kijinga cha oloirien, mzeituni wa porini, na moshi ule ukalinda maziwa huku ukiyapa harufu ambayo wazee bado wanaidai. Wasukuma wana michembe na matobolwa ya viazi vitamu, na watu wa pwani wana ng'onda. Chunguza utaona shabaha inafanana. Chumvi na jua humnyima kijidudu maji, mafuta humnyima hewa. Barafu nayo huyafunga maji yale yale mahali asipoweza kuyanywa.

Mboga zina tatizo lao. Ndani ya njegere, karoti au mnafu kuna vimeng'enya vinavyoendelea kufanya kazi hata kwenye baridi kali, polepole, hadi rangi inafifia na ladha inageuka kuwa ya nyasi kavu. Vikomeshwe kwanza: njegere zizamishwe kwenye maji yanayochemka dakika moja na nusu au mbili, kisha zitupwe kwenye maji ya baridi, zichujwe, zikauke, ndipo zigandishwe. Nyanya haihitaji yote hayo. Ioshe, igandishe nzima, na siku ya kuitumia ipitishe chini ya bomba. Ganda litavuka lenyewe. Italegea, lakini nani alitaka kachumbari ya nyanya ya friza? Inakwenda kwenye mchuzi. Parachichi lipondwe na ndimu. Tangawizi na kitunguu saumu visagwe na kugandishwa kwenye vitreyi vya barafu. Ugali usiugandishe, ukiyeyuka ni makombo, na isitoshe ugali mpya ni dakika kumi na tano tu.

Makande ndiyo mfalme. Mahindi na maharage hustahimili friza vizuri kuliko chakula kingine chochote cha huku kwetu, na hakuna chakula kinachokula mkaa kuliko hicho. Ila hapa kuna mtego kwa wapenzi wa loshoro. Ukigandisha loshoro iliyokwisha kutiwa maziwa mgando, ikiyeyuka itajitenga: maji ya manjano-kijani juu, vijichembe kama mchanga chini, na hakuna mwiko utakaoyapatanisha. Gandisha mahindi na maharage yaliyoiva, makavu kiasi, bila chumvi nyingi; siku ya kula pasha, acha yapoe kidogo, ndipo maziwa yaingie. Mtori nao hujitenga ukiyeyuka, lakini huo una msamaha: wanga wa ndizi ndio ulioachia maji, na ukiuchemsha huku unausaga kwa mwiko unarudi kuwa mtori.

Nyama, nimeisogeza nyuma kwa makusudi, huingia kwenye friza zetu kwa msimu: Krismasi, Idd, kipaimara. Mbuzi anachinjwa asubuhi, na ifikapo mchana kuna mtu ameshajaza friza vipande ambavyo bado vina joto la mwili. Miezi miwili baadaye analalamika kwamba mbuzi alikuwa mzee. Mbuzi hakuwa mzee. Misuli ya mnyama aliyechinjwa hukakamaa kwa saa kadhaa kabla ya kulegea. Ikigandishwa haijamaliza, siku ya kuyeyuka inajikunja, inatoa maji mengi na kuwa ngumu. Mbuzi atundikwe mzima mahali penye ubaridi na kivuli, akatwe baadaye, vipande vilale kwenye friji usiku kucha, kisha vigandishwe. Maini na utumbo visisubiri. Hivyo ni vya siku hiyo hiyo.

Msimu huo ndio pia wa kugongewa mlango. "Hodi jirani, naomba nafasi kwenye friza yako, vikilo vitatu tu." Mifuko inafungwa nyuzi za rangi ili kila mtu aujue wake. Ni desturi nzuri na sipendi ife, ila mwenye friza ajue mpaka wa mashine. Friza ya lita 200 ipewe kilo 7 hadi 10 za kitu kipya kwa siku, si zaidi. Ukiipa kilo 30 kwa mkupuo, joto la ndani linapanda, vilivyokuwa vimeganda vinaanza kulainika, na vipya vinaganda polepole na kujenga yale mabarafu yenye ncha. Wageni wa friza wapangiwe zamu.

Halafu kuna gharama ya umeme, yaani LUKU. Friza ndogo iliyo katika hali nzuri hula uniti moja hivi kwa siku, na hiyo ni 30 kwa mwezi. Kwa kaya iliyo kwenye bei nafuu ya uniti 75 za kwanza, hizo 30 ni nyingi, kwani zinazozidi 75 hulipiwa bei ya juu mara kadhaa. Kwa hiyo friza yenye nyama kilo moja na chupa mbili za soda ni hasara ya wazi. Afadhali kuchangia na jirani. Wapo akina mama wanaoifanya ijilipie kwa barafu za ubuyu na ukwaju, na nawaheshimu kama wachumi. Inayofunguliwa kwa juu huhifadhi ubaridi vizuri zaidi, maana hewa baridi ni nzito, haimwagiki unapoinua mfuniko.

Umeme nao hukatika. Mgao wa mwishoni mwa 2023 bado uko midomoni mwa watu, ingawa Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uliingia kwenye gridi. Friza iliyojaa, isiyofunguliwa, huhifadhi ubaridi wake kwa saa 48 hivi. Iliyojaa nusu, saa 24. Penye nafasi tupu weka chupa za maji. Na kwa siku ambazo hutakuwepo nyumbani, gandisha kikombe cha maji, weka sarafu ya shilingi 200 juu ya barafu, ukiache humo humo. Ukirudi safari ukaikuta sarafu imezama hadi chini, kila kitu kiliyeyuka na kuganda upya, na nyama hiyo usiile. Ikiwa bado juu, endelea na maisha.

Atakayetaka kwenda mbali zaidi hana haja ya kusafiri sana. Tengeru kuna Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, yenye wasomi wa chakula na lishe, na huko huko Tengeru kuna vituo vya utafiti wa mbogamboga. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kimefundisha sayansi ya chakula kwa miaka mingi. Lakini zoezi la kwanza ni la nyumbani. Jumamosi loweka kilo mbili za maharage usiku, asubuhi mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya hadi punje ipondeke kati ya vidole. Usiunge. Poza kwenye beseni, gawa mafungu ya mlo mmoja mmoja pamoja na mchuzi wake kidogo, andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kabla ya kujaza mfuko, kwa sababu plastiki iliyolowa haiandikiki.