Maji ya Kamaa: Lishe Mezani, Tahadhari Jichoni

Waislamu wengi wa pwani wameisikia darsani hadithi ya Mtume, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inayoihusisha kamaa na mana waliyoteremshiwa Wana wa Israeli, na maji yake na tiba ya macho. Walioisikia ni wengi. Walioiona kamaa yenyewe ni wachache, kwa kuwa haioti Lamu wala Pemba.

Kamaa ni uyoga usio na kofia wala kikonyo. Hukua chini ya mchanga, mviringo kama kiazi, na hujulikana ulipo kwa ufa mdogo unaopasuka juu yake. Wachuuzi wa Ghuba hutofautisha zubaidi, mweupe na wenye bei, ambao wataalamu huuita Tirmania nivea, na khalasi wenye rangi ya kahawia, yaani Terfezia claveryi. Morocco na Algeria huuita terfas. Kusini mwa Afrika pia kuna wa kwake: Kalaharituber pfeilii wa jangwa la Kalahari, ambao kaskazini mwa Namibia huitwa omatumbula. Na si chakula cha jana. Karibu miaka 3,800 iliyopita, katika ufalme wa Mari kando ya mto Frati, kamaa zilipelekwa kwa mfalme Zimri-Lim, na barua za maliwali wake zilizoandikwa kwenye vigae vya udongo zinazitaja.

Mabedui husema kamaa huzaliwa na radi. Msemo huo una chembe ya ukweli, maana mavuno hutegemea mvua za mwanzo za Oktoba na Novemba, ambazo mara nyingi huja na ngurumo. Lakini kwa kamaa za Ghuba, mzazi hasa ni kimea kifupi cha jenasi ya Helianthemum, ambacho Kuwait hukiita raqruq. Nyuzi za uyoga hushikamana na mizizi yake. Uyoga hukiletea maji na fosforasi, nacho huulipa kwa sukari kinayoitengeneza juani. Pasipo kimea hicho, hata mvua inyeshe vipi, hakuna kamaa.

Ndani yake mna nini? Ikiwa mbichi, sehemu kubwa ni maji. Ikikaushwa, robo hivi ya uzito wake huwa protini, kiasi kikubwa kwa kitu kilichochimbuliwa mchangani. Wanga hukaribia asilimia 60, nyuzinyuzi ni kati ya asilimia 7 na 13, na mafuta ni machache, yakiwemo ya asidi ya linoleiki, ambayo mwili hauwezi kujitengenezea. Madini yanayoongoza ni potasiamu na fosforasi. Mna pia fenoli, kemikali zinazosaidia kuzuia oksijeni isiharibu mafuta na seli. Viwango hivi hubadilika kwa aina ya kamaa, udongo na mvua ya mwaka, hivyo muuzaji anayetaja tarakimu moja kwa kamaa zote hasemi kweli.

Tuje kwenye macho, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoweza kuumia. Watafiti wa Jordan walichukua maji ya Terfezia claveryi wakayajaribu maabara dhidi ya bakteria. Ukuaji wa Staphylococcus aureus ulipungua kwa asilimia 66, na wa Pseudomonas aeruginosa kwa asilimia 41 hivi. Bakteria hao wawili huweza kuambukiza macho, kwa hiyo matokeo hayo ni ya maana. Hata hivyo, sahani ya maabara si jicho la mtu. Kupunguza bakteria kwa theluthi mbili si kuwamaliza, na maji yaliyokamuliwa jikoni kutoka kwenye uyoga uliotoka mchangani yana vijidudu vyake. Ukiyadondoshea jicho lenye kidonda, unaweza kukaribisha maradhi yaleyale uliyotaka kuyafukuza.

Wanazuoni wa kale hawakulichukulia jambo hili juujuu. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, alipoieleza hadithi hiyo alizinukuu rai mbalimbali: wapo waliosema maji hayo huchanganywa na dawa nyingine za macho, na wapo waliosema kamaa hupashwa moto kwanza ndipo maji yake yatumike. Tayari walikuwa wakiuliza swali ambalo mfamasia wa leo angeuliza: dawa hii inaandaliwaje? Mwenye jicho jekundu, linalouma au linalotoa usaha aende kwa daktari wa macho, na aviache vichupa vya maji ya kamaa visivyo na kibali cha mamlaka ya dawa.

Mezani hali ni tofauti, na hapo kamaa inastahili sifa zake. Watafiti wa Murcia, Hispania, walionyesha mwaka 2002 kwamba khalasi ina uwezo mzuri wa kuzuia oksijeni kuharibu mafuta, na kwamba uwezo huo hupungua inapogandishwa au kutiwa makoponi. Katika jimbo hilohilo, shamba la kwanza la Terfezia claveryi lilipandwa mwaka 1999 na likazaa mwaka 2001.

Anayezipata mbichi, labda kwa ndugu aliye Muscat au Dubai, azipike upesi kwa kuwa hazidumu. Huoshwa maji mara kadhaa hadi chembe ya mwisho ya mchanga itoke, humenywa, huchemshwa kidogo kwa chumvi, kisha hukaangwa kwa samli au hutiwa kwenye wali. Watu wa jamii ya Wasani wa Kalahari huzifukia tu katika majivu ya moto.