Mashine hukanda, moto ndio hutoa mfuko wa pita

Kama una mashine ya mkate nyumbani kwako Busia au Malaba, iwe uliinunua dukani au uliletewa na jamaa aliye ng'ambo, na hamu yako ni pita, ule mkate bapa wenye mfuko ndani, jua kwanza kwamba pita haiokwi ndani ya mashine hiyo. Kazi yake ni kukanda na kuumua unga, basi. Kinachoipa pita mfuko wake ni moto mkali, na moto huo unao tayari: jiko la makaa na pani ya chapati. Nalisisitiza hili kwa sababu anayebonyeza kitufe cha mkate wa kawaida hupata mkate wa kawaida, akadhani mashine imemwangusha, akaipandisha juu ya kabati ikakae huko.

Kukanda nako si kazi ya kudharau. Kampuni ya Matsushita ya Japani, ambayo bidhaa zake tunazijua kwa jina la Panasonic, ilipokuwa ikibuni mashine yake ya nyumbani katika miaka ya 1980, mitambo ya majaribio ilitoa mkate ulioiva kupita kiasi nje na kubaki mbichi ndani. Ikuko Tanaka, mmoja wa wabunifu wake, alikwenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa Hoteli ya Kimataifa ya Osaka. Huko aliona kwamba mikono ya yule fundi haikandamizi unga tu, bali inauvuta huku ikiusokota. Wahandisi wakaweka mbavu ndani ya chombo cha kukandia ili unga ushikwe na kuvutwa, na mashine ikaingia sokoni mwaka 1987. Mvuto huo ndio unaounganisha protini za ngano kuwa gluteni, utando unaonyumbuka na kuifungia hewa ndani. Bila utando huo, hata moto mkali namna gani hauwezi kuleta mfuko.

Kwa pita 10 za kadiri, pima gramu 500 za unga wa ngano, yaani robo ya ile pakiti ya kilo 2, na mililita 310 za maji. Ongeza vijiko viwili vidogo vya hamira, kijiko kidogo kimoja na nusu cha chumvi, kimoja cha sukari, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta. Unga unaouzwa ukiwa umeshatiwa dawa ya kuumua usiuguse. Huo ni wa keki na mandazi. Tangulia maji na mafuta, kisha unga, halafu hamira juu kabisa mbali na chumvi. Chagua mpango wa kukanda na kuumua bila kuoka, ambao kwenye mashine nyingi umeandikwa Dough na huchukua kama saa moja na nusu.

Vitabu vingi vya mapishi viliandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, ndiyo maana vinataka maji ya uvuguvugu. Busia hayahitajiki. Tuko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu na Ziwa Victoria, na mchana jikoni kuna joto la kutosha. Mashine yenyewe pia hupasha unga ili uumuke. Tumia maji baridi ya mtungini, na uanze kuchungulia saa moja baada ya kuiwasha. Unga ukishakuwa maradufu, na alama ya kidole ikawa inarudi polepole, utoe hata kama mashine haijalia. Ukizidisha muda, ule utando huchoka, hewa ikatoroka na pita ikalala.

Unga uliokaa wazi hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo ni busara kuanza na mililita 290 za maji, kisha kuongeza kijiko kimoja kimoja katika dakika kumi za mwanzo. Fungua kifuniko uangalie. Donge likiwa laini, limesafisha kuta za chombo na linanata kidogo tu kidoleni, acha hapo.

Kuhusu umeme, soketi zetu ni za volti 240. Mashine iliyotoka Marekani hutumia volti 120 na itaungua ukiichomeka bila transfoma, kwa hiyo soma kibandiko chake kwanza. Na stima ikipotea katikati ya kazi, mashine nyingi husahau zilipofikia. Toa unga, umalizie kukanda kwa mikono hadi uwe mlaini, uweke kwenye sufuria iliyopakwa mafuta na kuufunika kwa kitambaa chenye unyevu. Utaumuka vilevile.

Sasa moto. Hapa ndipo mpishi hodari wa chapati anapopotea, kwa sababu mazoea yake mengi mazuri ni adui wa pita. Chapati yetu hupakwa mafuta, ikasokotwa, ikasukumwa tena ili iwe na matabaka. Pita haina tabaka hata moja. Gawa unga madonge ya gramu 80 hivi, yaviringe, yapumzike dakika 10, kisha sukuma kila moja liwe na upana wa sentimita 15 na unene wa milimita 5, sawasawa kila mahali. Usikunje, usipake mafuta, na angalia pasiwe na mkunjo wala ufa. Ziache pita zipumzike dakika 10 nyingine chini ya kitambaa.

Pani iwe nzito na ikauke kabisa. Ipashe hadi tone la maji likianguka linaruka na kupotea papo hapo. Weka pita, subiri kama nusu dakika hadi vipele vianze kuonekana, geuza. Upande wa pili upe dakika moja, kisha geuza tena. Kinachotokea ndani ni hiki: nyuso mbili zimekauka na kuiva haraka, katikati bado kuna unyevu. Maji hayo yakigeuka mvuke hupanuka zaidi ya mara 1,600, hayana pa kutokea, basi yanazitenganisha nyuso hizo na pita inafutuka yote. Moto ukiwa hafifu, mvuke hutoka taratibu na unabaki na mkate bapa mgumu. Usiikandamize kwa kitambaa kama tunavyofanya kwa chapati. Ukiitoboa, mvuke umekwenda. Kama imefutuka nusu tu, ihamishie kwenye waya juu ya makaa mekundu yasiyo na moshi kwa sekunde chache. Mwenye oveni aiwashe hadi nyuzi 250, trei ikiwa ndani tangu mwanzo, na pita zikae dakika tatu hadi tano.

Zikitoka, zifunge kwenye kitambaa safi ili mvuke uzilainishe. Zisizofutuka si hasara: zikatekate, zikaushe, zile na mchuzi.

Wengi wameniuliza kuhusu mihogo, na ni swali la haki katika kaunti inayolima mihogo kiasi hiki. Unga wa mhogo hauna gluteni. Gramu 50 kati ya zile 500 zinakubalika na huipa pita ladha nzuri. Ukivuka 75 utando hudhoofika na mfuko hupasuka kabla haujajaa.

Cha kutia ndani hakihitaji kuagizwa mbali. Simsim inayovuka kutoka Uganda, ukiikaanga kidogo na kuisaga na limau, kitunguu saumu na maharagwe yaliyochemshwa, ni kitoweo kamili. Omena wa Port Victoria waliokaangwa wakavu pamoja na kachumbari wanakaa vizuri zaidi humo kuliko kwenye chapati, kwa kuwa mfuko umefungwa chini. Rolex, ile chapati iliyoviringwa na mayai, hula mafuta na huliwa ikiwa moto. Pita ya ndengu iliyokauka mchuzi inaweza kufungwa asubuhi na kuliwa mchana na dereva wa lori aliye kwenye foleni ya Malaba, bila sahani na bila kuchafua usukani.