Kocha wa Wabera na Mtoto Atakayerudi Msimu Ujao

Mjini Isiolo jua la mchana halina huruma. Katika wadi ya Wabera mpira wa watoto husubiri lipoe, swala ya alasiri iishe, ndipo mazoezi yaanze, nayo hukatika kabla ya adhana ya magharibi. Ni muda mfupi. Katika muda huo kundi la watoto wa Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kimeru na Kisamburu huwa mikononi mwa mtu mmoja, ambaye mara nyingi halipwi na hajawahi kuhudhuria kozi yoyote ya ukocha. Watoto humwita kochi. Ndiye anayeamua nani acheze, nani akae benchi, nani afokewe mbele ya wenzake, na nani aulizwe kwa upole mbona jana hakuonekana.

Tumezoea kumpima mtu huyu kwa vikombe. Mimi nasema kocha wa watoto apimwe kwanza kwa idadi ya watoto wanaorudi kwake msimu unaofuata. Sisemi hivyo kwa huruma tu. Ushahidi wa miaka mingi unaonyesha kwamba mtoto huendelea au huacha kwa namna anavyoongozwa, na aliyeacha akiwa na miaka 12 hawezi kuwa mchezaji wa taifa akiwa na 22.

Katika miaka ya 1970, wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, Ronald Smith na Frank Smoll, walianza kufuatilia makocha wa besiboli ya watoto na kuandika kila walichofanya: wakisifu, wakifoka, wakielekeza au wakinyamaza mtoto anapokosea. Kisha waliwauliza watoto maoni yao. Ushindi ulichangia kidogo sana katika kuamua kama mtoto alimpenda kocha wake. Watoto walijua vizuri nani alishinda na nani alishindwa, lakini waliona ushindi ni jambo linalowapendeza wazazi wao zaidi kuliko wao wenyewe. Mzazi anayepiga kelele kando ya uwanja na asome sentensi hiyo tena.

Watafiti hao hawakuishia hapo. Waliwapa makocha kadhaa mafunzo ya saa chache kabla ya msimu, wengine wakaachwa waendelee kwa mazoea yao. Matokeo yalichapishwa mwaka 1992. Kwa makocha wasiofundishwa, watoto 26 katika kila 100 hawakurudi mwaka uliofuata. Kwa waliofundishwa, hawakurudi 5 tu. Na timu za pande zote mbili zilishinda mechi kwa kiwango kinacholingana, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba upole ulileta vipigo.

Walichofundishwa makocha hao hakihitaji fedha. Sifia juhudi hata goli lisipoingia. Mtoto akikosea, mtie moyo kwanza, kisha mwonyeshe la kufanya safari nyingine. Kanuni za timu ziwekwe mapema, na watoto wenyewe washiriki kuziweka. Kejeli na adhabu ziachwe kabisa.

Wako watakaosema huo ni ulegevu, kwamba wachezaji wakubwa hutengenezwa kwa ukali. Mfano wa John Wooden unawajibu. Kocha huyu wa mpira wa kikapu wa chuo kikuu cha UCLA alitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mara 10 katika miaka 12. Katika msimu wake wa mwisho, 1974 hadi 1975, watafiti Ronald Gallimore na Roland Tharp walikaa kwenye mazoezi yake wakihesabu. Walirekodi vitendo 2,326 vya ufundishaji. Karibu robo tatu vilikuwa maelezo ya kazi: shika hivi, geuka huku, fanya tena. Sifa hazikufika asilimia 7, na lawama vilevile. Wooden hakuwa akibembeleza wala kutukana; alikuwa akifundisha. Kocha anayepaza sauti kwa saa nzima, “Amka! Cheza mpira! Wewe vipi?”, hajampa mtoto hata neno moja la kufanyia kazi.

Nije kwenye kosa ambalo kwa maoni yangu ndilo linalotugharimu zaidi: kuchagua wachezaji kwa kimo. Wasichana hurefuka kwa kasi zaidi wakiwa na miaka 12 hivi, wavulana wakiwa na 14 hivi, lakini huo ni wastani tu. Wavulana wawili waliozaliwa mwezi mmoja wanaweza kupishana miaka kadhaa ya ukuaji wa mwili. Mmoja ana sauti nzito na mapaja, mwenzake bado ni mtoto mdogo. Kocha anayetafuta ushindi wa wiki hii atampanga mkubwa kila mechi na kumkalisha mdogo benchi. Miaka minne baadaye wanalingana kwa nguvu. Yule mkubwa hakuwahi kulazimika kujifunza chenga, maana alikuwa akisukuma tu. Yule mdogo, aliyelazimika kutumia akili, alishaacha mpira zamani.

Kwa Isiolo jambo hili ni zito kuliko kwingi. Kuanzia mwishoni mwa 2020, kaskazini mwa Kenya kulikosa mvua misimu mitano mfululizo. Mifugo ilikufa, na maziwa, ambayo ndiyo chakula cha mtoto wa mfugaji, yakapungua. Mwili wa mtoto aliyepitia njaa unaweza kuchelewa kukua. Kumwambia mtoto wa namna hiyo kwamba yeye ni dhaifu, hafai, ni kumhukumu kwa ukame ambao hakuuleta yeye. Kocha mwenye maarifa huuliza mtoto amekula nini kabla ya kumwambia akimbie. Akiona mvulana aliyerefuka ghafla analalamika maumivu chini kidogo ya kifuniko cha goti, humpunguzia kukimbia na kuruka kwa muda, kwa sababu mifupa hurefuka kwa kasi ambayo misuli na kano zake bado hazijaifikia. Kulazimisha hapo huongeza maumivu na kumkatisha tamaa.

Jambo jingine ni kalenda. Vitabu vya ukocha huandikiwa watoto ambao wanaweza kuhudhuria mwaka mzima. Mtoto wa Wabera anaweza kuwa na shule, madrasa au duksi (chuo cha Kurani) mwisho wa juma, na kiangazi kikizidi, kijana hufuatana na mifugo ya ukoo hadi fora, yaani malisho ya mbali na mji, kwa wiki kadhaa. Kuna makocha wanaofuta jina la kijana kama huyo, eti hana nidhamu. Nidhamu gani inayozidi ya kijana anayelinda ngamia wa familia usiku? Arudipo apokewe, aanzishwe taratibu, kwa maana kasi ya mpira imemtoka ingawa pumzi anayo. Mwezi wa Ramadhani nao una hesabu yake: mazoezi mepesi ya ufundi karibu na futari, au baada ya tarawehe palipo na taa na usalama, wala pasiwe na mbio za kushindana kiu. Kocha anayepanga ratiba yake kwa kufuata maisha ya watoto hupata watoto. Asiyefanya hivyo hulalamika kwamba vijana wa siku hizi hawajitumi.

Mji wa Iten, katika Bonde la Ufa, unatufundisha jambo hapa, ila somo lake husemwa vibaya. Mwaka 1976 Brother Colm O'Connell alitoka Ireland kwenda kufundisha jiografia katika Shule ya Upili ya St Patrick's. Hakuwa mwanariadha wala kocha mwenye cheti. Alijifunza kwa kuwatazama wavulana wakikimbia na kuwauliza walivyojisikia. Mwanafunzi wa shule hiyo, Peter Rono, alishinda mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul ya 1988. David Rudisha, aliyelelewa na kocha huyohuyo, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 jijini London mwaka 2012, rekodi ya dunia. Watu husema ni mwinuko, maana Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari na Isiolo iko chini ya nusu ya hapo. Lakini shule nyingi za Bonde la Ufa ziko juu vilevile na hazikutoa mabingwa wa namna hiyo. Tofauti ilikuwa mtu aliyekaa mahali pamoja miaka na mikaka, aliyewajua wanariadha wake mmoja mmoja, na asiyewaharakisha. Ukaaji huo Wabera inaweza kuupata bila mlima.

Wabera pia ina kazi ambayo Iten haikuwa nayo kwa kiwango hicho. Wadi imebeba jina la Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliyeuawa Juni 1963 pamoja na Chifu Haji Galma Dido wakati mustakabali wa kaskazini ulipokuwa ukigombaniwa. Mji umeonja machungu tena tangu hapo. Mapigano ya mwishoni mwa 2011 na mwanzoni mwa 2012 yaliwatoa watu wengi makwao. Katika mji wa aina hii, jinsi kocha anavyopanga timu ni uamuzi wa uongozi. Akiacha kila mtaa uunde timu ya kabila lake, mechi ya Jumapili inaweza kubeba kisasi cha watu wazima. Marsabit, ukifuata barabara ya Moyale, wakili Fatuma Abdulkadir Adan alianzisha shirika la HODI mwaka 2003, na likautumia mpira kuwakutanisha vijana wa jamii zilizokuwa zikiuana. Kanuni ya msingi ilikuwa kuwachanganya katika timu moja. Baadaye shirika likafungua mpira kwa wasichana, ingawa palikuwa na upinzani.

Na Mathare, Nairobi, chama cha vijana cha MYSA kilichoanzishwa mwaka 1987 na Bob Munro wa Kanada kilikataa kutenganisha mpira na wajibu. Timu zilipata pointi za ligi kwa kusafisha mitaa yao, na vijana waliojitolea kufundisha au kuchezesha mechi za wadogo walijipatia msaada wa karo. Je, ushindi ulipotea? Mathare United, timu iliyozaliwa humo mwaka 1994, ilitwaa Kombe la Moi mwaka 1998, ikawa bingwa wa ligi kuu mwaka 2008, na Dennis Oliech, mshambuliaji wa timu ya taifa, alipitia humo. Ninachokipenda zaidi pale ni kwamba mtoto wa miaka 14 angeweza kuwa kocha wa watoto wa miaka 9. Anayefundisha mwenzake huanza kuuelewa mchezo upya. Kocha wa Wabera mwenye watoto wengi peke yake anaweza kuanza hivyo kesho: achague manahodha wanne, wabadilishwe kila mwezi, kila mmoja apewe kundi lake na zoezi moja la kuongoza.

Kuhusu wasichana nitasema wazi. Wanaacha mapema kwa sababu hakuna anayewapangia saa, mahali na mtu wa kuwasimamia. Hijabu haiwezi kuwa kisingizio: bodi ya sheria za mpira duniani iliiruhusu rasmi mwaka 2014. Mzazi wa Wabera anataka kujua nani atakuwa uwanjani na binti yake, na saa ngapi atarudi nyumbani. Ni maswali halali. Kila timu ya wasichana iwe na mwanamke anayeaminika, mama au dada wa mtaani, hata kama hajui mpira. Kocha asibaki faragha na mtoto, wa kike au wa kiume, wala asimsafirishe peke yake. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 inamhesabu mtu mwenye dhamana juu ya mtoto kwa uzito wa pekee, na klabu isisubiri polisi ndipo iwe na kanuni zake.

Na fimbo? Katiba ya 2010 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 zilishalimaliza suala hilo. Anayemchapa mtoto kwa kukosa penalti anavunja sheria, na hamfundishi penalti.

Milango iliyo mbele ya watoto hawa ni mingi kuliko ya wazazi wao. Mtaala mpya una sanaa na sayansi ya michezo kama mojawapo ya mikondo mitatu ya sekondari ya juu. Kombe la Afrika la 2027 limepangwa kuchezwa Kenya, Uganda na Tanzania. Ngazi za leseni za CAF zinaanzia D, ambayo ni kwa makocha wa mashinani hasa. Lakini fedha za michezo zikipatikana, huenda haraka kwenye jezi, mashindano ya siku mbili na picha za kukabidhi kikombe.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa serikali ya Kaunti ya Isiolo, kwa wafanyabiashara wa mji na kwa kamati za misikiti na makanisa: kabla ya kununua kikombe kingine, mlipieni kocha mmoja wa Wabera kozi yake, pamoja na mwanamke mmoja atakayesimama na wasichana. Mpeni daftari la mahudhurio. Mwisho wa msimu msimuulize alishinda mechi ngapi. Fungueni daftari mhesabu watoto wangapi wa mwaka jana bado wapo, kisha mwende mkawatafute waliokosekana.